Tairi Lisilotaka Kulala

Jumanne, 1 Julai. Mtito Andei

Upepo tangu asubuhi. Vumbi ndani ya chai, ndani ya masikio, ndani ya kompresa ya kujazia matairi. Malori, malori, malori. Tairi la lile la mwisho lilikuwa limeokota chuma kirefu kama kidole, na dereva wake akalala chini ya trela huku mimi navuja jasho. Mgongo unauma. Sina la kuuambia mgongo.

Salim amepiga simu kutoka Kitui jioni. Habari ile ile. Tairi la nyuma la pikipiki yake limekwisha, nyuzi zinaonekana. Duka la Nairobi linasema saizi hiyo haipo, asubiri. Hizi pikipiki zetu ni mizigo. Nzito kama ng'ombe mwenye mimba, unakaa juu yake kama uko kwenye kochi, na nyuma tairi pana ambalo hakuna mwenye boda boda anayelijua. Nani atahangaika kumletea mtu mmoja wa Kitui tairi lake? Sasa anataka nimwekee la gari, kama langu. Rimu inalikubali, inchi ni zile zile. Nimekataa. Mimi natembea na tairi la gari mwaka wa tano huu, lakini mimi nimeuzoea ujinga wangu. Yeye hajauzoea.

Alicheka. Salim hucheka ukimkatalia, ndiyo maana ni vigumu kumkatalia. Tulipoagana nikamwambia koma nesa, kama tunavyosema Ukambani giza likiingia. Lala salama. Akaanza mzaha wake wa siku zote. "Nyie Wakamba, bwana! Kwetu Lamu ukimwambia mtu koma, umetaka ugomvi. Umemwambia aache, asirudie tena. Nyie mwamwambia mgeni, tena mkishamlisha!" Amehamia Kitui kwa sababu ya mke, ana duka la vyuma pale mjini, na mzaha huo hauchoki. Nikisema kweli, hata mimi sijauchoka. Nyumba hii ni mimi na redio tu. Simu ya Salim ndiyo kicheko cha siku.

Ijumaa, 4 Julai

Mama amepiga kutoka Kikima, juu kule milima ya Mbooni. Anauliza Mwarabu wangu anakuja lini. Salim si Mwarabu, nimemwambia mpaka nimechoka. Ametenga jogoo. Hawezi kumchinja, anasema, kwa sababu mgeni ni Mwislamu na sharti amchinje mwenyewe ndipo ale. Pasta wake ndiye aliyemweleza hivyo, na Mama amelishika hilo kuliko mahubiri yote ya mwaka. Kwa hiyo jogoo amefungwa mguu karibu na jiko, anakula mahindi kushinda mwenye nyumba.

Nimesema Jumamosi ijayo, tarehe kumi na mbili. Ulimi wangu. Sasa Salim atapanda Mbooni na tairi la nyuzi?

Ana pikapu ya duka. Tungeenda na pikapu. Lakini alishamwahidi Mama kwamba atafika na ile pikipiki kubwa inayonguruma, na Mama ameshawaambia majirani.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemwekea. Basi.

Alifika na pikipiki juu ya pikapu, amevaa koti la ngozi katika jua hili. Alikuwa na tende na halua, kana kwamba anakuja kuposa. Nikasema hapana mara moja, nikasema hapana mara ya pili, kisha nikaenda kuchukua chuma cha kung'olea tairi.

Kazi yenyewe ni mbaya. Tairi la gari lina mdomo mgumu na rimu ya pikipiki haikutengenezwa kwa ajili yake. Unalipaka maji ya sabuni kama unaogesha mtoto. Unajaza upepo, mdomo haukai kwenye rimu. Unaongeza. Unarudi nyuma unaomba Mungu, maana rimu ikipasuka pale inaondoka na kichwa cha mtu. Salim wakati huo alikuwa anaswali juu ya katoni nyuma ya kompresa. Mdomo ukaruka ukakaa kwenye rimu, paa! Mlio ulimkuta amesujudu. Hakutikisika hata kidogo. Mimi ndiye niliyeruka.

Nikapima nafasi. Kati ya tairi na chuma cha nyuma kidole changu kidogo kinapita, kwa shida. Inatosha.

Kisha somo. Tairi la pikipiki ni mviringo kama yai, ukiinama nalo linainama. La gari ni bapa, kama tofali. Kwenye kona linataka kubaki limesimama. Halitaki kulala. Inabidi uilaze pikipiki kwa nguvu, usukume usukani upande wa kona na uushikilie hapo hapo mpaka kona iishe. Ukiachia, inasimama. Ukigusa breki katikati ya kona ndiyo mbaya kabisa, inasimama na kwenda mbele moja kwa moja, na mbele ya kona hakuna barabara. Nikamwambia akumbuke neno moja tu. Lala. Kona ikija, usishike breki. Lala.

Tuna redio ndogo ndani ya helmeti, tunasikilizana. Nikamfuata nyuma barabara ya kwenda Kibwezi na kurudi. Kila penye kona namwambia lala, lala, lala. Akawa analala. Si vizuri, lakini analala.

Alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Mimi moyo haukutulia. Nimekula halua yote.

Jumapili, 6 Julai

Sijaenda kanisani. Salim alirudi Kitui na pikipiki, pikapu akamwachia dereva wake. Amefika salama. Barabara ile imenyooka, hata gunia la viazi lingefika.

Jumatano, 9 Julai

Salim anafanya mazoezi kila jioni barabara ya Kwa Vonza. Anazunguka, anageuza, anazunguka tena. Anasema watu wa soko wamemzoea, wanawake wa mboga wanampungia mkono. Ndani ya helmeti anajisemea peke yake, lala, lala. Anasema hilo tairi ni kama kitinda mimba, wote wamelala lenyewe liko macho linataka hadithi. Nilicheka sana.

Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ya chini kidogo. Kwamba kona ikiwa kali, bado roho inamruka na mguu unakwenda kwenye breki wenyewe.

Hilo sikulicheka. Nikamwambia aendelee na mazoezi. Ningemwambia nini? Ningemwambia alitoe. Sikumwambia.

Ijumaa, 11 Julai

Sitaki kwenda. Naliandika nilione kwa macho.

Milima ya Mbooni si barabara ya Kwa Vonza. Kona imezaa kona. Mwezi wa saba kule ni ukungu na manyunyu, lami inateleza kama imepakwa mafuta ya kupikia. Mimi nazijua kona hizo tangu nikiwa shule ya msingi, na bado nikifika pale mabega yanakaza.

Nilishika simu nimwambie alete pikapu. Nikaiweka chini. Niliogopa kuchekwa. Mtu mwenye mvi anaogopa kuchekwa na rafiki yake. Kesho tunakutana mjini Wote asubuhi.

Jumamosi, 12 Julai

Salim ameanguka. Kwenye kona za Mbooni, chini kidogo ya Kikima. Anapumua. Hafungui macho.

Ee Mungu.

Jumapili, 13 Julai

 Nitaandika ninavyoweza.

Tulikutana Wote, tukanywa chai na mandazi. Alikuwa amemnunulia Mama leso, ameifunga kwa nailoni na kuibana nyuma ya kiti kwa mpira. Akanisomea maneno ya leso mbele ya watu, kwa sauti ya kughani, mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni. Tulikubaliana atangulie, mimi nyuma, nimwone. Tukaanza kupanda.

Kona za kwanza alizipita vizuri. Nilikuwa nasema lala, naye analala. Nikaanza hata kujicheka kwa woga wa jana. Alikuwa anaimba kwenye redio, wimbo wa harusi wa kwao, nusu yake amesahau maneno. Manyunyu yakaanza. Nikamwambia punguza, akapunguza.

Tukafika kona ile kali ya kushoto. Bonde liko kulia. Aliingia kwa kasi kuliko inavyofaa, si sana, kidogo tu. Nikaona pikipiki inaanza kusimama. Nikapiga kelele alale. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote. Taa nyekundu ya nyuma ikawaka. Pikipiki ikasimama wima, imenyooka, ikavuka lami yote na kuingia bondeni.

Sikusikia kishindo. Nilisikia pumzi yake kwenye redio. Kisha pumzi haikuwepo.

Niliteremka kwa makalio kwenye majani mabichi. Vijana wa boda walitokea, Mungu awabariki, tukambeba juu ya blanketi la mtu mpaka hospitali. Helmeti ilikuwa imepasuka upande. Leso ya Mama ilikuwa bado pale nyuma ya kiti, haijaguswa na tone la maji.

Jioni Mama akapiga kuuliza tumekwama wapi. Moto uko tayari, alisema.

Jumatatu, 14 Julai

Wamemhamishia hospitali ya Kitui, awe karibu na Rukia, mkewe.

Rukia ni mzaliwa wa hapa. Watu wao walitoka pwani zamani za babu, na Kikamba chake ni safi kuliko changu. Tunaitana shemeji tangu siku ya kwanza. Hakunipigia kelele. Alinipa maji ya kunywa, akaniuliza kama nimekula. Ningependa anipigie kelele. Ningependa anirushie hicho kikombe.

Daktari alituita kando, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Ubongo umevimba, akasema. Yuko kwenye koma.

Neno hilo limenikwaruza mahali. Sijui ni wapi. Nimechoka sana.

Jumatano, 16 Julai

Watu wamejua. Kila mtu ni fundi sasa. Wenye pikipiki kubwa wanatumiana sauti kwenye simu tangu juzi. Mmoja, hata simjui, anasema kwa Kiswahili chake cha mjini, "Tairi ya gari kwa bike? Huyo fundi afungwe, manze, hiyo ni murder." Mwingine anasema alishawahi kuonya. Mwingine anauliza ni fundi gani huyo. Nimesikiliza zote.  Wana haki.

Ni mimi niliyeliweka. Mikono hii. Nikiiangalia nataka kuiweka mahali pengine.

Leo nilikwenda kuiona pikipiki. Iko nyuma ya kituo cha polisi, imelazwa ubavu. Sasa imelala. Usukani umepinda, tangi limebonyea. Nilipiga magoti nikaenda moja kwa moja nyuma. Nilitaka nione tairi limepasuka, au mdomo umetoka kwenye rimu, au limekwaruza chuma. Kitu chochote. Upepo umejaa kama nilivyoujaza. Mdomo umekaa. Halina hata mkwaruzo.

Kisha nikaomba lifti mpaka kwenye kona. Mvua haijafuta. Alama nyeusi ya tairi pana, moja, imenyooka kutoka katikati ya lami mpaka kwenye majani. Alishika breki. Alishika kwa mguu mzima na hakuachia.

Kwa nini ushike breki, Salim? Jambo moja tu nilikwambia.

Mwenye lori alinisubiri. Sikuweza kuondoka pale haraka.

Ijumaa, 18 Julai

Nimejua.

Nilikuwa wodini na Rukia. Wakati wa kuona wagonjwa uliisha, tukaanza kutoka. Kitanda cha jirani kuna mzee wa Mutomo mwenye mguu uliovunjika. Nesi alimvutia blanketi mpaka shingoni, akampigapiga begani, akamwambia kwa sauti ya chini. Koma nesa, mzee.

Nikasimama katikati ya wodi. Watu wakanipita pande zote.

Sauti yangu ilinirudia. Nzima, na pumzi yake, kama inatoka kwenye redio ya helmeti. Juma lote nilikuwa nasema lala. Mtito nilisema lala. Asubuhi ile, kona baada ya kona, nilisema lala. Kwenye kona ile sikusema lala.

Nilisema koma. Koma! Salim, koma! Koma!

Jumamosi, 19 Julai

Sijafungua kazi. Madereva wamegonga, wameondoka.

Nalizungusha kichwani kutwa nzima. Mtu akishtuka hurudi kwao. Mimi nilishtuka nikarudi Kikima, kwa mama yangu, kwenye lugha niliyoambiwa nilale kabla sijaota meno. Yeye alishtuka akarudi Lamu. Mimi niliogopa kwa Kikamba, yeye akaogopa kwa Kiswahili. Nilimwambia lala, akasikia acha. Na Salim ni muungwana. Ukimwambia acha, anaacha.

Alinitii. Hilo ndilo linaloniua. Mguu ulikuwa unatafuta breki tangu Kwa Vonza, yeye mwenyewe alisema, na juma zima aliukataza. Akangoja sauti yangu. Sauti yangu ikampa ruhusa.

Mzaha wake wote ule. Kila jioni, miaka yote, aliniambia neno hilo ni hatari, akiniambia kwa kicheko, na mimi nikacheka.

Tairi halina kosa. Ningetoa chochote liwe na kosa. Tairi ningeweza kulichoma moto.

Wale wa kwenye simu bado wanaendelea na tairi, tairi. Niwaambie nini? Kwamba si tairi, ni neno? Wataniona nimerukwa na akili, au natafuta pa kujificha.

Nataka aamke. Nimeomba kila namna ninayoijua, na namna yao pia, nilimwuliza Rukia maneno. Akiamka nitamwambia. Najua atakachofanya. Ataanza polepole, mabega yatatikisika, kisha atacheka mpaka nesi aje kumnyamazisha. Atasema si nilikwambia, Kyalo? Hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kumwambia mzaha huu.

Jumapili, 20 Julai

Nilikaa naye. Nilishika mkono wake. Ni wa moto, una uzito. Jirani kitandani anasali rozari. Nikamwinamia Salim nikamwambia sikioni kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno. Nilimaanisha lala. Nilimaanisha ulale, ndugu yangu.

Halafu nikasikia nilichosema.

Jumatatu, 21 Julai

Salim amefariki alfajiri.

Alasiri tulikuwa tumeshamzika. Wenzetu hawachelewi. Walinipa nafasi kwenye jeneza, nikabeba hatua chache, bega likabadilishwa, mwingine akaingia. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wala dini gani. Mzee mmoja alinionyesha jinsi ya kutupa udongo, mikono mitatu. Udongo wa Kitui mwekundu ule ule unaoingia kwenye kompresa yangu.

Watu walipoanza kuondoka nilibaki. Nilitaka nimwambie kitu cha kuagana. Kila jioni tuliagana kwa neno moja tu. Nilitafuta jingine. Sikulipata. Niliondoka bila kumuaga.

Jumanne, 22 Julai

Duka la Nairobi limepiga. Tairi la Salim limefika, saizi yake kabisa. Namba yangu ndiyo aliyowaachia. Wanauliza kama bado tunalihitaji.

Nilikata simu. Nilikaa juu ya tairi la lori mpaka jua likanifikia.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda kwa Rukia. Nilikuwa nimekusudia kukaa kidogo, nile tende, niondoke. Nikamwambia yote. Kona, kelele, neno. Nililitaja kama lilivyotoka.

Alikuwa anachambua mchele wa wageni. Mkono haukusimama. Akaniambia kwa Kikamba, kisha akarudia kwa Kiswahili, kana kwamba anataka nisikie mara mbili. "Shemeji, Salim alijua koma ni kulala. Kila usiku mimi ndiye niliyekuwa namwambia. Watoto pia. Alijua." Kisha akasema, "Ni ajali. Ni kadari ya Mungu. Usijibebeshe."

Namshukuru. Alinifungulia mlango niutue mzigo hapo. Nikaufikisha mlangoni nikarudi nao.

Alijua, ndiyo. Alijua akiwa kitandani kwake, taa imezimwa, watoto wanampanda tumboni. Kwenye kona mtu hajui alichokijua. Au labda Rukia ana haki, na mguu ulikwenda wenyewe, na neno langu halikufika kabisa. Sitajua. Hakuna wa kumwuliza. Hili ndilo nitakaloishi nalo, si kosa, ni kutojua. Naona afadhali kosa.

Nilipoinuka akaniletea leso ya Mama, bado imo kwenye nailoni yake. Salim angetaka ifike, akasema. Watoto wamenisindikiza mpaka barabarani, mmoja amevaa glavu za pikipiki za baba yake. Zinamfika kwenye viwiko.

Jumamosi, 26 Julai. Kikima

Nimekuja na lori la maparachichi lililokuwa linapanda tupu. Pikipiki nimeifunika turubai kule Mtito. Tairi la gari liko hapo hapo nyuma. Sijalitoa. Sijui nitalitoa lini, au kama lina tofauti yoyote.

Kona ile ilipita. Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Kuna baridi. Ukungu umekaa juu ya migomba tangu mchana na Mama amewasha jiko mapema. Amezeeka tangu mara ya mwisho. Nimempa leso. Macho hayaoni tena herufi, akaniomba nimsomee maneno yake. Nilianza kusoma. Nikasikia sauti ya Salim kule hotelini Wote, nikashindwa kumaliza. Hakuniuliza. Alijifunga leso kiunoni juu ya nguo, akaenda kutoa maharagwe motoni.

Jogoo bado yuko. Amenona mpaka anatembea vibaya. Nilidhani nitamkuta amechinjwa. Mama akaniangalia kama mimi ndiye mgeni wa mila. Huyo ni wa mtu, akasema. Amemfungua kamba siku nyingi, lakini jogoo haendi mbali, amezoea mahindi. Tulikula maharagwe. Jogoo akaingia akasimama karibu na jiko, akafumba jicho moja.

Chumbani kwangu kuna vitanda viwili vimetandikwa. Mama alivitandika Ijumaa ile ya kabla ya safari, hajakitandua cha pili. Mto una foronya mpya yenye maua. Sijakigusa.

Manyunyu juu ya mabati. Mama amezima taa ya sebuleni. Kutoka chumba chake, kama alivyokuwa akisema tulipokuwa wadogo na nyumba imejaa watoto, akasema, "Komai nesa." Laleni salama. Hivyo ndivyo tunavyowaambia watu wengi, si mmoja.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Na wewe."